Madam Hildegardi Hataki Kurudi Chumba cha Kompyuta

Mpendwa Mama Lukresia wa safu ya ushauri,

Kabla sijaomba msaada kaa vizuri kitini, maana anayekuandikia si mtu wa kawaida: toka Liparamba mpaka huku Mbaha hakuna mashine inayokula umeme ambayo haijanipigia saluti, simu iliyolala ziwani siku tatu nimeifufua ikaamka na salio lake, na shule niliishia kidato cha pili kwa sababu mtihani uliniogopa mara mbili. Naitwa Osward, fundi simu, miaka ishirini na miwili.

Sasa sekondari yetu ya hapa, inayofika mpaka kidato cha sita, ililetewa kompyuta ishirini za wanafunzi, walimu wakazifunika kwa vitambaa vya kudarizi na kufunga mlango wasije wakaziharibu, zikakaa humo mwezi mzima kama bibi harusi, na mkufunzi aliyesubiriwa hakutokea, ndipo Mkuu wa shule, Mwalimu Ambokile, akaniita mimi, mimi niliyefeli palepale, niwafundishe walimu wiki tatu ili waweze kutumia kompyuta kwenye vipindi vyao, na mambo yakienda vizuri nibaki kuwa msimamizi wa chumba. Nikawafundisha, Mama! Mwalimu Praygod wa Jiografia alikuwa anabonyeza kitufe kama anakamua jipu, leo anachora ramani ya ziwa yenye rangi. Ila nyota alikuwa Madam Hildegardi wa Hisabati, amebakiza mwaka mmoja astaafu, yuleyule aliyenipa sifuri, kila nilichosema alikiandika kwenye kaunta buku lake, "Hatua ya 17: subiri," na kweli anasubiri, na mtihani aliouchapa kwa kidole kimoja siku nne ulitoka safi mpaka nikaona wivu.

Wiki ya pili tukaingiza wanafunzi wa kidato cha tano, kila mmoja ubavuni mwa mwalimu. Nikaona umati, kichwa kikavimba.

"Jamani," nikasema, "mwanafunzi akikutana na mwalimu anafanyaje?"

"Anamwamkia!"

"Na humu ndani mwalimu nani?"

"Weweee!"

Praygod akaruka juu, "Shikamoo, tiicha!" na saluti, walimu wengine wakafuata wanacheka. Madam Hildegardi akainuka wa mwisho, ameshika meza kwa ajili ya goti lake, hakucheka, akasema taratibu, "Shikamoo, mwalimu." Darasa likaangua kicheko. Akaketi, akamaliza kipindi chote, akahifadhi kazi yake vilevile nilivyomfundisha, akaifunika kompyuta kwa kitambaa chake, na tangu siku hiyo hajarudi.

Wenzake wakaacha mmojammoja, ati "Kama Hildegardi hakai pale, sisi nani?" Chumba kina kufuli, watoto wanachungulia dirishani, na Mkuu amesema wiki ijayo ikipita hivihivi mimi nirudi kibandani kwangu. Halafu juzi ndiyo nimeambiwa kumbe Madam mwenyewe ndiye aliyempa Mkuu jina langu: "Yule mtoto kichwa anacho, makalio ndiyo hayatulii." Nimemtumia samahani kwa WhatsApp, yenye maua na paka anayelia, tiki zimekuwa bluu, jibu hakuna. Mama, mtu mzima ananuna kwa utani? Nifanyeje arudi?

Osward, Mbaha

*

Osward mwanangu,

Nimecheka, halafu nikaacha kucheka nilipofika kwenye goti.

Kwanza, huyo mama hajanuna. Aliyenuna hubamiza mlango; huyu alimaliza kipindi. Praygod alikuwa anatania. Yeye alikuamkia kweli, kwa sababu ulikuwa unamfundisha kitu asichokijua, na wewe ukaiacha heshima hiyo ichekwe na watoto ambao kesho asubuhi anatakiwa awafundishe. Akiwa amebakiza mwaka mmoja! Unajua mtu wa umri ule anameza nini kukaa chini ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimpa sifuri? Alikwishameza. Wewe ukamtapisha.

Pili, paka! Mnakaa kijiji kimoja, unamtumia paka?

Sikiliza sasa. Nenda kwake mchana, kwa miguu, na mama yako mzazi. Simu iache nyumbani. Amkia wewe, kisha nyamaza, hata akikaa kimya mpaka jua lihame. Usitoe mzaha wowote, najua utakuwasha. Ukimaliza kuomba radhi, mwombe akufundishe hesabu za kidato cha pili, uufanye mtihani ule kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yeye akufundishe jioni, wewe umfundishe asubuhi, hapo kila mtu atakuwa na zamu yake ya kutojua. Na mwambie Mkuu wenu walimu wafanye mazoezi peke yao kwanza, dirisha likiwa na pazia. Mtu mzima hashiki somo huku anachekwa.

La mwisho: kuna sentensi umeiruka. Umenieleza Madam alivyokuamkia. Hukunieleza wewe ulisema nini. Nijibu ukishatoka kwake.

Mama Lukresia

*

(Meseji ya Osward, siku sita baadaye)

Mama, nimeenda. Tulimkuta anaanika usipa, dagaa wetu wa ziwani. Nikasema shikamoo, akageuza usipa mkeka mzima bila kunitazama, mama yangu akanikanyaga mguu nisifungue mdomo. Mwishoni akasema, "Marahaba. Shika upande huo wa mkeka." Jumatatu chumba kinafunguliwa, pazia lipo, Praygod amelitundika upande wa nyuma mbele. Hesabu nimeanza, nimepata mbili kwa kumi, ananiambia, "Hatua ya kumi na saba, Osward."

Lile swali lako nilitaka kulikwepa, maana hata yeye hakuniuliza. Siku ile niliitikia, Mama. Nilimwambia marahaba, kwa sauti ya juu, darasa zima lisikie, halafu nikamwambia akae.