Mwaka wa Tatu wa Udaktari

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila si mzima sana. Mwaka huu wa tatu umenizidi nguvu. Nafungua kitabu, naona herufi tu, hakuna kinachoingia. Juzi wodini daktari mkuu aliniuliza swali jepesi, nikaanza kupekua daftari. Akasema, "Kumbe wewe umekuja kutembea?" Wenzangu wakacheka, hata mgonjwa akacheka. Nikaenda kunawa mikono, nikashindwa kuondoka pale kwenye sinki mpaka nesi akaja kufunga bomba. Chakula hakishuki. Baba, naomba nije nyumbani nipumzike.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, ni mgongo tu unaoninunia kila nikishika randa. Huo ni uchovu, mama. Kula, lala mapema, kaza buti. Ukirudi sasa majirani watatusema hadi wachoke. Hapa karakana kila mteja namwambia binti yangu ndiye atakayenitibu. Usiniangushe.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Usijali, nimeshatulia. Mdogo wangu mpe redio yangu na lile blanketi, sitavihitaji tena. Wala usihangaike kujibu. Asante kwa yote.

Binti yako

9 Juni

Mwanangu,

Unaendeleaje, mama? Niko kwenye benchi, nje ya wodi uliyolazwa. Nilipoisoma barua yako niliacha mlango wa mteja haujakamilika, nikapanda basi na nguo za kazi. Mwenzako wa chumbani amenieleza alivyokukuta sakafuni, na walivyokuwahi. Alikuwa anasimulia huku analia, nikashindwa hata kumbembeleza.

Nesi anasema umekunywa chai kidogo, ila hutaki kuniona. Sawa. Sijakukasirikia. Uliniambia unaumia, mimi nikakujibu habari za majirani.

Chuo kama hukitaki, basi. Nakutaka wewe, hata ukikaa tu nyumbani bila kusema neno. Nampa nesi karatasi hii akuletee.

Baba yako

9 Juni, jioni

Baba,

Shikamoo. Nesi ameniazima kalamu. Sina la kukueleza, na uso wako siwezi kuutazama bado.

Ila usiondoke.

Binti yako