Mpiganaji wa Milimani kwenye Stetasi Yangu

Alhamisi. Mvua ya Guangzhou inanyesha kama imelipwa. Mimi niko kwenye metro, mkavu, nimependeza.

Shajara, andika bila kubisha: kutoka hapa hadi Kariakoo hajazaliwa dalali mkali kama mimi. Nikiingia soko la vitambaa la Zhongda, wenye maduka hujificha nyuma ya majora. Shule niliiacha njiani, ila bei zinaniogopa tangu utotoni.

Mteja wangu wiki hii ni Mkurdi. Nimwite Mzee Rebwar. Jina lake halisi silitaji. Kwao ni milimani, na watu wake wamegawanywa na mipaka ya nchi za wengine. Alifungwa kwa kufundisha watoto lugha yao. Alipotoka, akashika bunduki. Siku hizi ananunua vitambaa vya kumetameta, awauzie Wakurdi wa Ulaya wenye harusi.

Mpiganaji naye anakula, jamani.

Jana laoban, bosi wa duka, aligoma kushusha bei. Nikafoka, nikajifanya naondoka. Wapi! Mzee akaketi, mgongo ukutani, macho mlangoni, akaomba chai. Kisha nyingine.

"Mzee, twende zetu, huyu hashuki," nikamnong'oneza kwa Kiingereza chetu cha kuokota.

"Kaa, kijana. Nimewahi kungoja theluji iyeyuke, niko pangoni na njaa. Hapa kuna kiyoyozi."

Bosi akashuka mwenyewe. Mbinu hiyo nimeiiba, na nitasema ni yangu.

Sasa, sisi madalali mteja akishanunua tunampiga picha na mzigo wake, tunairusha stetasi. Biashara ni kuonekana. Mzee alikataa: "Wapo wanaoitafuta sura hii." Nikampiga picha kwa siri, nikairusha na maneno, "Komandoo wa milimani, mteja wangu!"

Sifa zikamiminika. Usiku mtu nisiyemjua akaniandikia kwa upole kwamba mzee ni ndugu yake, amefikia wapi?

Leo mchana nikamwonyesha mzee ule ujumbe, nikitegemea atafurahi. Uso ukamkauka.

"Sina ndugu hapa. Ulimjibu?"

"Hapana, mzee."

Akashusha pumzi. Akasema basi hahami, atasubiri mzigo wake upakiwe. Akanishika bega, akanishukuru.

Mimi, domo zege? Mimi ninayemaliza maneno ya soko zima, neno moja likanishinda?

Kituo kinachofuata ni cha kwake. Nitagonga mlango, nimwambie afunge begi sasa hivi, kwa sababu nilimjibu yule mtu. Hoteli niliitaja.