Sanduku Jekundu la Mke wa Balozi

Jumanne, 3 Septemba 2024

Baba Ikram ni balozi! Nimesikia redioni nikipukuchua mahindi hapa Kilole. Nimecheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia. Kanali, kisha waziri, sasa balozi – mume wangu huyu huyu aliyenioa Handeni akiwa na viatu vya jeshi tu.

Jioni kapiga simu kutoka Dodoma. Nikamuuliza, na mimi je? Kasema ni nchi ya theluji, na safari hii tunaenda wote. Katamka mwenyewe!

Alhamisi, 5 Septemba

Nimenunua sanduku. Jekundu, la magurudumu. Nimelivuta sebuleni, kwenda na kurudi. Ikram kaniambia, mama, utalimaliza kabla ya safari. Pasipoti ninayo tangu Hija. Nimefungasha khanga na unga wa sembe. Huko kwenye theluji watakuwa na sembe kweli?

Lakini. Alipokuwa kambini alisema atanichukua mambo yakikaa sawa. Nikabaki Handeni na watoto. Alipopata uwaziri, wimbo ule ule. Nikabaki hapa na mama yake, Mungu amrehemu. Mambo ya mume wangu hayakai. Basi! Leo nina furaha.

Ijumaa, 13 Septemba

Kaja. Kwenye chai kasema labda atangulie kwanza, apaone. Nikasema sawa. Nikaenda kuwapa kuku maji, nikalia kidogo.

Jumamosi, 14 Septemba

Watu wamejaa kumuaga. Kasmiri, jirani yetu, naye kaja. Babu yake alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge, kwa hiyo kwetu Wazigua ni mtani. Akifanya lolote, hakasirikiwi. Kalishusha sanduku la balozi garini, kalikalia. Kapakia langu jekundu! Kamwambia balozi, "Mzigua wewe, kila ukihama unasahau mzigo mmoja. Leo nakukumbusha." Watu hoi. Kanali aliyeogopwa na kambi nzima kasimama tu, kofia mkononi.

Kasmiri anadai jogoo, halafu jibu mbele ya watu: mama anaenda au haendi? Jogoo kapewa. Nimekimbilia chumbani. Naandika, nacheka. Nje Baba Ikram anakohoa kama kabla ya hotuba. Anamuuliza dereva kama kuna nafasi ya masanduku mawili. Dereva kajibu ipo, Mheshimiwa, ilikuwepo tangu mwanzo.

Hatua zinakuja mlangoni. Za nani, sijui. Viatu nimeshavaa –