Mafuta ya Waridi Yametoka

Ganako, Jumamosi, Julai 1982

Yametoka! Ni kidogo mno, hayajai hata kifuniko cha soda, lakini yametoka.

Tangu ning'oe maharage nikapanda mawaridi haya chotara, mama mkwe hajaacha kunisema. "Maua hayaliwi, mwanangu." Baridi ya mwezi huu ilipounguza mboga zote bustanini, niliogopa kwamba mawaridi nayo... Basi, yakastahimili. Yakachanua.

Leo niliyachuma kabla jua halijapanda. Mume wangu, Tluway, akachochea moto chini ya pipa tulilolijaza maua na maji, mvuke ukapita kwenye bomba tulilolilaza ndani ya maji baridi. Juu ya maji yaliyodondoka ukaelea utando wa manjano.

Mama mkwe akasogea. Akachovya kidole, akanusa, akajipaka shingoni.

"Haya naenda nayo kanisani kesho."

Tluway alicheka hadi machozi.

Sijui kama yule mnunuzi wa manukato wa Arusha atayapenda. Hilo linanisumbua, siwezi kulificha.

Lakini jioni, tukikamua ng'ombe, mama alisema bila kunitazama: "Lile shamba langu la kando ya korongo limelala bure. Panda maua yako. Samadi nitakupa mimi."