Babu Alizikwa Mara Mbili

Jumamosi, Busia. Mvua tangu asubuhi.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kiatu changu cha kushoto, kilichoachana na soli yake kwenye tope upande wa Kenya, mbele ya mashahidi waliocheka. Marehemu ameacha mjane wa kulia.

Haya, nimeshacheka. Sasa niandike lililonipeleka.

Baba yangu anaumwa, yuko nyumbani Merikit, ng'ambo ya mpaka, na amebaki na swali moja tu: baba yake alifanya kosa gani hata asirudi kwao? Babu alikuwa Msamia wa Kenya. Alivuka mpaka akiwa kijana, akalima Merikit, akaoa, akafa. "Watu wangu waliisha," ndilo lililokuwa jibu lake siku zote. Majirani wakanong'ona kwamba aliua mtu. Baba amezeeka na minong'ono hiyo.

Mimi, mtafiti hodari ninayesahau miwani kichwani, nilipata jina la kijiji kwenye kitabu cha ubatizo. Leo nikafika. Nikamkuta dada mdogo wa babu, yu hai, anachambua maharage.

"Huyo tulimzika," akasema. "Kaburi si lile pale?"

"Kukhu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita bibi zetu, "babu yuko Merikit. Jeneza nilibeba mwenyewe."

"Basi ninyi mlizika mtu. Sisi tulizika mgomba."

Babu alikuwa amekwenda kuvua samaki Majanji. Mtumbwi ukazama, habari zikaja kwamba wote wamekufa. Asiyepatikana mwili, kwetu huzikwa shina la mgomba badala yake, ili aliliwe, apumzike. Kumbe yeye alikuwa ameshaacha uvuvi, anapalilia pamba ya watu Merikit.

Na aliyekwisha kuzikwa haingii tena kwao.

Jioni nikampigia baba.

"Umewapata?"

"Nimewapata, Mzee. Hakuua mtu. Hakukosa lolote. Walidhani amekufa maji."

Nikasikia anapenga kamasi.

"Na yeye hakurudi hata mara moja kuwaambia yu hai?"

"Hakurudi."

Nimemdanganya baba yangu mgonjwa. Sijui kama kesho nikirudi nitaweza kumtazama.

Alirudi.

Kukhu alikuwa msichana mdogo, anakumbuka. Babu alisimama nje ya ua, amebeba kitenge kipya alichomletea mama yake. Wazee wakasema asivuke, ataleta kifo bomani. Mama yake akamwona, akaingia ndani, akafunga mlango. Kisha akamtuma Kukhu na kikombe cha maji. Kukhu aliogopa, akakiweka chini, akakimbilia ndani.

Babu alikunywa yote. Akakitundika kitenge kwenye ua. Akaita, "Mama," mara moja tu, si kwa sauti kubwa.

Akangoja.

Ndani, mama yake alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Babu akageuka, akashika njia ya Merikit.