Kombaini Saba kwa Duane

Jumatatu, 21 Septemba 2020

Hela za serikali za kuwasaidia wakulima kwa ajili ya korona zimefunguliwa tena. Mume wangu Orrin kaenda mjini kuziomba, barakoa kidevuni kama kawaida yake. Zile za kwanza zilitutosha tairi la kombaini, mashine yetu ya kuvunia. Moja! Jirani yetu Duane Tollefson zake zilinunua kombaini nzima, mpya. Serikali imeweka kikomo kwa kila mkulima — basi Duane kaongeza wakulima. Mkewe mkulima. Shemeji yake mkulima. Mpwa wake wa Arizona, muuza mabwawa ya kuogelea, naye eti msimamizi wa shamba! Huyo alifika huku mara moja tu, mazishini, akauliza soya ni ipi. Orrin anasema ni halali. Halali! Mwenye nacho huongezewa, asiye nacho hupewa tairi.

Alhamisi, 1 Oktoba

Bibi Lavonne kapiga simu. Tunakodi shamba lake tangu afiwe na mumewe, na ni zaidi ya nusu ya tunacholima. Mkataba unaisha tukishavuna. Alianza na goti lake, akaja kwa paka, halafu ndiyo akasema: Duane ameahidi kodi kubwa. Atatujibu baada ya mavuno.

"Mnajua nawapenda, mwanangu."

Najua. Simlaumu, ana miaka themanini na nyumba inavuja. Ila bila shamba lile sisi si wakulima tena. Na tunanyang'anywa kwa hela ya msaada. Msaada!

Jumapili, 11 Oktoba

Duane kaanguka ghalani jana. Moyo. Wamemzibua mishipa, ataishi. Nilimshukuru Mungu, kweli — halafu nikajua kinachofuata. Huku mgonjwa huvuniwa. Kombaini zote za majirani huingia shambani kwake siku moja, na hakuna anayedai hata dizeli. Baba yake Orrin alivuniwa hivyo.

Ibada bado tunaifanyia garini nje ya kanisa, mchungaji tunamsikia redioni. Ilipoisha tu, Orrin akashusha kioo, akawapigia kelele wenzake: Jumamosi, tupo!

"Una wazimu? Mahindi yetu bado yamesimama shambani!"

"Mtu anaumwa, Marlys."

"Ana hela za kuajiri kaunti nzima!"

"Ndivyo tunavyoishi."

Nikapandisha kioo.

Jumamosi, 17 Oktoba

Naandika garini, pembeni mwa shamba la Duane. Kombaini saba! Inapendeza kutazama, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Yetu ndiyo kuukuu kuliko zote, inakohoa. Ile mpya ya Duane imefungiwa ghalani. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa, eti bima yake hairuhusu!

Hakuna anayetaja hela. Hakuna anayetaja shamba la Bibi Lavonne. Siku ya mgonjwa midomo hufungwa. Nimegawa sandwichi za nyama ya nguruwe huku nimenuna, heri barakoa imeficha.

Sasa hivi kaja Coreen, mke wa Duane, macho mekundu. Kamkumbatia Orrin, aliyeshuka kuchukua sandwichi hapa dirishani kwangu, korona au si korona.

"Duane analia huko kitandani, Orrin. Daktari kamkataza mashine mwaka mzima. Na ardhi ndiyo hiyo imeongezeka — si mlisikia, Bibi Lavonne alikubali juzi?"

Hatukusikia! Wala hakutupigia.

"Basi anauliza kama utamwendeshea ile kombaini mpya. Mshahara kila mwezi. Na bima ya afya, yenu wote wawili."

Bima ya afya. Hatuna tangu korona ilipoingia Machi, na Orrin ana kile kifua chake cha kubana.

Coreen anasubiri, ananyoosha simu, Duane yuko hewani. Orrin kavua kofia, anajipangusa vumbi, ananitazama. Natikisa kichwa. Hapana. Hapana! Nyuma yake kombaini yetu inanguruma bila mtu.

Kageuka, kapanda ngazi ya kombaini yetu — kazima injini, apate kumsikia Duane vizuri.