Majani kwa Samaki Mwenye Mimba

Mujukuu wangu Furaha,

Nakusalimia sana kutoka huku Mpofi. Papa yako mudogo amerudi salama, mihogo imeanza kuota, goti langu njo linanisumbua tu.

Unaniuliza kama umutupe yule samaki wako, juu alizaa akakula watoto wake ndani ya akwariumu. Unasema iko mama mubaya.

Wakati nilikuwa na umri wako, sisi wanawake tulikuwa tunaziba kijito na matope, tunamwaga maji na mabeseni mpaka samaki wanabaki wazi. Kona moja yenye majani mengi, mama alikuwa anatukataza kuigusa. Siku moja nikatangulia peke yangu, nikang'oa majani yote. Kitunga changu kikajaa samaki, nikacheka. Musimu uliofuata tulimwaga maji kutwa nzima, tukapata kaa wawili. Mama hakunipiga. Alinionyesha tu ile kona samaki walikuwa wanazalia, tupu kama sahani iliyooshwa.

Kwa hiyo usimutupe. Unasema tumbo limejaa tena, na alama nyeusi iko karibu na mukia; njo dalili atazaa karibuni. Mupandie majani mengi, ya chini na ya kuelea, uyaache yashike mizizi, watoto wapate pa kujificha. Na usimuhamishe-hamishe.

Mama yako alipokuwa anakasirika, wewe ulikuwa unakimbilia wapi? Nyuma ya kikwembe changu, kile kitenge ninajifunga kiunoni. Hakuna aliyesema iko mama mubaya. Majani yalikuwa karibu, njo basi.

Koko wako